Neno "Had" na Jambo Lililotangulia

(Haya ni maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya watu wanaojifunza Kiingereza saa za jioni. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wasomaji wa mashamba ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme habari za sarufi ya Kiingereza, na sarufi kwa watu wengi ni chakula kisicho na chumvi. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni neno lenye herufi tatu: "had". Neno hili likikaa mbele ya kitenzi kingine hufanya wakati ambao vitabu vya shule huuita "Past Perfect", na vitabu vya zamani zaidi huuita "Pluperfect", jina lililotoka katika Kilatini, na maana yake ni kama kusema "zaidi ya kutimia". Mimi jioni hii nitauita wakati wa "had", tusije tukachoshwa na majina kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Nimelichagua neno hili kwa kuwa si pambo. Tazameni sentensi hizi mbili: "When I reached the shop, Juma closed the door." Na hii: "When I reached the shop, Juma had closed the door." Katika sentensi ya kwanza Juma yuko pale. Ameniona naja, akanifungia mlango. Labda ana chuki nami, labda anaficha kitu. Katika sentensi ya pili Juma alikuwa amekwisha fanya kazi yake kabla sijafika, wala sikumwona akifunga, wala hakuniona nikija. Sasa tuseme kwamba usiku ule fedha zilipotea dukani, na maneno haya ni ya shahidi aliyesema kwa Kiswahili: "Nilipofika dukani, Juma alikuwa amekwisha funga mlango." Karani anayetafsiri akiandika "closed", amemweka Juma pale pale, saa ile ile, mkono juu ya kitasa. Mtu asomaye faili baada ya miezi sita hakumsikia shahidi; anayo karatasi tu. Neno moja la herufi tatu limeachwa, na mtu mmoja ana jambo la kujibu ambalo hakuna aliyesema kwamba alilitenda.

Basi wakati huu una kazi gani? Wengi tuliambiwa shuleni kwamba "had" ni kwa mambo ya zamani sana. Maneno hayo yafaa kusahauliwa. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Mwingereza akitaka kusema hayo husema tu "Vasco da Gama reached Malindi in 1498", bila "had", ingawa imepita zaidi ya miaka mia tano. Lakini mtu aliyemaliza chai yake dakika tano zilizopita, ukabisha hodi, aweza kukuambia, "I had finished my tea when you knocked." Kwa hiyo wakati huu haupimi umbali kutoka leo. Hupima kutoka jambo moja lililopita kwenda jambo jingine lililolitangulia. Ni kama mtu aliyekwisha rudi nyuma njiani mpaka kwenye mti fulani, naye akiwa chini ya mti ule ageuka na kutazama nyuma zaidi.

Kwa sababu hiyo, kila unapotaka kuandika "had", jiulize swali moja: kabla ya nini? Ukiwa na jibu, andika. Usipokuwa na jibu, acha. Yuko mtu ambaye hupenda kuonyesha kwamba amesoma, naye huandika, "Yesterday I had gone to the market and I had bought salt." Kabla ya nini? Hakuna. Alikwenda sokoni akanunua chumvi, basi. Mtu huyu ni kama avaaye koti la baridi mchana wa jua kali: koti ni zuri, lakini wapitao humtazama wakidhani ana homa. Angesema "I went to the market and bought salt", na kila mtu angemfahamu.

Nitawapa mfano katika habari za nchi zetu, kwa maana historia ndiyo shamba ambalo wakati huu huota vizuri. Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lakini tarehe 13 mwezi ule jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado vitani katika upande wa Kasama, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kwa kuwa habari ilikuwa haijawafikia. Waliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25. Kwa Kiingereza twasema: "When Lettow-Vorbeck laid down his arms, the war in Europe had ended." Ondoeni "had" mwone. "When Lettow-Vorbeck laid down his arms, the war in Europe ended." Mtoto asomaye hayo atafikiri kwamba wafalme na majenerali wote wa Ulaya walikuwa wakingoja Abercorn! Mambo yaliyopitana kwa siku kumi na nne yamegeuzwa kuwa jambo moja, tena moja limekuwa sababu ya jingine. Nasi tukitaka kuwakumbuka wapagazi, ambao hukumbukwa mara chache, twaweza kuandika hivi: "For two days the carriers carried loads for a war that had ended." Mizigo ilikuwa mizito ile ile, lakini vita iliyowafanya waibebe ilikuwa imekwisha. Uchungu wote wa sentensi hiyo umo katika "had".

Mfano mwingine ni wa Ujiji. Mwaka 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa na mwenye njaa, akitumaini kukuta bidhaa alizoletewa. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mali amekwisha iuza yote. "He found that his goods had been sold." Hapa mambo ni mawili: kukuta na kuuzwa, na lililotangulia ni kuuzwa. Alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwezi wa Mei 1873, Chuma na Susi na wenzao wakauchukua mwili wake mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. "When they reached Bagamoyo, Livingstone had been dead for nine months." Katika sentensi ile "had been" yaonyesha hali iliyoanza kabla na kuendelea mpaka siku ile ya kufika. Ndivyo asemavyo hata mama aliyengoja gari kituoni: "I had been waiting since morning when the bus came." Kungoja kulianza asubuhi, kukaendelea, gari likaja.

Habari za umbo lake si ndefu. Weka "had", kisha umbo la tatu la kitenzi, lile ambalo watoto huliimba darasani: "go, went, gone", "write, wrote, written". Kiingereza hapa kimetuonea huruma, kwani "had" haibadiliki: "I had", "she had", "they had", sawasawa kwa watu wote. Jambo la kuangalia ni moja tu, usichukue umbo la pili mahali pa la tatu. "He had went" na "she had wrote" ni makosa, na hata Waingereza wasiosoma sana huyasema. Wasiwe walimu wenu. Tena "had" yaweza kusimama peke yake ikawa na kazi nyingine. "I had a goat" ni nilikuwa na mbuzi. "I had to sell it" ni ilinibidi nimuuze. Hizo si za wakati huu tunaousema. Lakini zaweza kukutana nao, na ndipo mwanafunzi ashtukapo kuona "had had": "He had had fever for three days before they took him to hospital." La kwanza ni la wakati, la pili ni kuwa na homa. Usilifute moja ukidhani mpiga chapa amekosea.

Sasa nataka nikae kidogo mahali ambapo sisi wenye Kiswahili tuna faida, tena tuna hatari. Faida ni kwamba jambo lenyewe tunalo. Waingereza wa kale walianza kwa kusema kitu kama "nilikuwa na barua imeandikwa", wakatumia neno la kuwa na kitu, na kutoka huko likatokea "had written". Sisi tulichukua neno la kumaliza, kwisha, tukasema "nilikuwa nimekwisha andika", na vijana wa mjini wamelikata likawa "nilikuwa nimeshaandika". Njia ni mbili, mto ni mmoja. Hata kukanusha tunako: "Nilipofika alikuwa hajaja" ni "When I arrived he had not yet come." Mtu ajuaye tofauti ya "hajaja" na "alikuwa hajaja" amekwisha jua tofauti ya "has not yet come" na "had not yet come", ingawa hakuna aliyemfundisha.

Hatari iko mahali ambapo lugha mbili hizi zafanana kwa sura zikaachana kwa maana, nami nitataja mahali patatu.

Kwanza ni maneno ya kupokea, yaani mtu anaposimulia alivyosema mwingine. Kiswahili hupenda kuyaacha maneno karibu kama yalivyotoka kinywani. Twasema, "Alisema amelipa." "Aliniambia baba yake amekufa." "Tulisikia wamehama." Sikilizeni: kusema kumepita, lakini "amelipa" imebaki kama alivyoitamka yeye siku ile. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kusema kukiwa kumepita, huyavuta nyuma na yale yaliyosemwa: "He said he had paid." "She told me her father had died." "We heard they had moved." Sasa karani mwenye haraka husikia "amelipa" na mkono wake huandika "has paid", akapata "He said he has paid."

Je, ni kosa siku zote? La, na hapa ndipo penye utamu wake. Mwingereza aweza kusema "He said he has paid" ikiwa jambo lenyewe bado ni la leo, naye msemaji kama ameliegemea. Kwa hiyo ukiiandika hivyo katika karatasi ya deni, umelisogeza lile neno kutoka kwa mdaiwa hadi karibu na wewe. Ukiandika "He said he had paid", umeliacha mahali pake: yeye alisema, siku ile, kwamba kabla ya siku ile alilipa. Kama ni kweli au si kweli, hilo litatazamwa kwa stakabadhi. Katika mazungumzo ya barazani mtawasikia wenye lugha yao wakisema "he said he paid", wala hakuna anayeshtuka, maana mambo yako wazi. Lakini karatasi haina uso wala haina mikono ya kuonyesha, na yafaa ipewe neno lake lote.

Tena katika jambo hili hili kuna mtego wa ufupisho. Waingereza wasemapo haraka hukata "had" likabaki herufi moja, wakaandika "he'd". Lakini "would" nalo hukatwa vile vile. Basi "He said he'd paid" ni alisema amelipa, na "He said he'd pay" ni alisema atalipa. Kati ya mtu aliyekwisha lipa na mtu aliyeahidi kulipa kuna herufi mbili mwishoni mwa kitenzi, na katika masikio ya mtu aliyechoka hazisikiki. Katika barua ya nyumbani fupisheni mpendavyo. Katika barua ya fedha andikeni neno zima.

Pili ni vile vitenzi vyetu vionyeshavyo hali. Hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma miaka mingi, huteleza, kwa sababu wameshika kanuni ya kwamba "alikuwa ame-" ni "had", wakaitumia kama mundu, wakikata mpunga na magugu pamoja. Shahidi akisema, "Alikuwa amelala", hasemi kwamba mtu yule alipata usingizi kisha akaamka. Asema alikuwa katika usingizi. Kwa Kiingereza ni "He was asleep." Ukiandika "He had slept", umemwamsha! Na mtu aliyekwisha amka aweza kuulizwa alikwenda wapi. "Alikuwa amesimama mlangoni" ni "He was standing at the door", si "He had stood". "Alikuwa amekaa" ni "He was sitting." "Alikuwa amevaa kanzu" ni "He was wearing a kanzu", ukisema "He had worn a kanzu", msikilizaji atadhani aliivua kabla. "Alikuwa amelewa" ni "He was drunk." Ukiandika "He had drunk", umesema alikunywa, wala hatujui alikunywa nini wala kiasi gani, na wakili wa upande wa pili atafurahi sana.

Ufunguo ni huu. Kitendo cha namna hii kikiisha huacha hali, na Kiswahili hutumia umbo la "-me-" kuonyesha ile hali iliyobaki: aliyelala yu usingizini, aliyesimama yu wima. Kiingereza, ambapo sisi tuna umbo moja, kina njia mbili, nacho hukulazimisha uchague. Je, wataka kusema juu ya hali iliyokuwako, au juu ya tendo lililotangulia? Mlango ni mfano mwema. "Mlango ulikuwa umefungwa." Ukitaka hali, ni "The door was shut": nilipofika, ndivyo ulivyokuwa. Ukitaka tendo, ni "The door had been shut": mtu fulani aliufunga kabla sijafika. Sentensi ya pili huita swali, nani aliyeufunga? Ya kwanza haiiti. Kwa hiyo shahidi akisema neno hili, na mfasiri hajui lipi, asikisie. Amwulize: "Mzee, wataka kusema kwamba uliukuta umefungwa tu, au wajua kwamba mtu aliufunga?" Kuuliza ni dakika moja, na hakumwaibishi mtu.

Tatu ni "-ka-" yetu. Sisi tukisimulia twaenda kama mtu ashukaye ngazi: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikakutana na shangazi, nikarudi. Kila "-ka-" ni daraja moja chini. Hapa Kiingereza hakina haja ya "had" hata kidogo, kwani mambo yamesimuliwa kwa taratibu yake: "I went to the market, bought fish, met my aunt and came home." "Had" huja pale msimulizi anaporuka daraja, kisha akageuka nyuma kulichukua jambo aliloliacha. "Nilirudi nyumbani nikaona kwamba nimesahau chumvi." "I came home and found that I had forgotten the salt." Kusahau kulitokea sokoni, nasi tumekwisha fika jikoni. Na neno "after" au "before" likiwamo, taratibu yenyewe imekwisha onekana, basi waweza kusema "after he had eaten" au "after he ate" bila kumpoteza mtu. Hata katika hadithi ndefu inayorudi nyuma, mwandishi mzuri huweka "had" mara moja au mbili mlangoni, msomaji akiisha ingia ndani huendelea na wakati uliopita wa kawaida. Ukurasa mzima wa "had, had, had" huumiza masikio kama nyundo ya fundi bati.

Imebaki kazi moja ya "had", nayo ni ya namna nyingine kabisa, kwa sababu haionyeshi jambo lililotangulia bali jambo lisilotokea. Wazee wetu walisema, "Ningalijua huja nyuma." Kwa Kiingereza hiyo "ningalijua" ni "if I had known". "Ningalijua, ningalikuja": "If I had known, I would have come." Kila asikiaye maneno hayo ajua kwamba msemaji hakujua, wala hakuja. Na "Laiti ningalikuja" ni "I wish I had come." Katika Kiswahili cha vitabu "-nge-" ni ya jambo lililo mbele yetu na "-ngali-" ni ya jambo lililokwisha tupita, ingawa siku hizi watu wengi huzichanganya. Atakayeshika tofauti hiyo katika lugha yake hatapata taabu na "had" ya namna hii.

Lakini angalieni inavyoweza kumdhuru mtu. Tuseme chama cha ushirika chamwandikia karani wake juu ya mwanachama mmoja, nao wataka kusema, "Ikiwa amelipa, mpe stakabadhi yake." Hiyo ni "If he has paid, give him his receipt." Hatujui kama amelipa, tazama daftari. Mtu akiandika "If he had paid", amesema jambo jingine: hakulipa. Maneno "If he had paid, we would have given him a receipt" yana maana kwamba hakulipa na ndiyo sababu hatukumpa. Mwanachama yule yaweza kuwa amelipa mpaka senti ya mwisho, naye yu shambani kwake hajui kwamba katika karatasi iliyo kabatini ameitwa mdeni. "Has" na "had" zapitana kwa herufi moja, nayo yachukua jina jema la mtu.

Pamoja na hayo, "had" hii ya mambo yasiyotokea ina adabu yake. Mwingereza akikuandikia "I had hoped to come on Friday", usimpikie. Amekwisha kukuambia kwamba haji, tena amekuambia kwa upole, bila kutamka "siji". Na "I had meant to write to you" ni kwamba alikusudia kuandika lakini hakuandika. Mtu asiyejua hayo hungoja Ijumaa nzima huku wali ukipoa.

Nimesema ya kutosha, na taa hii haitangoja. Nitaandika ubaoni maneno machache ya shahidi, kama yawezavyo kusemwa katika baraza lolote, nanyi mtayatia katika Kiingereza kabla ya kwenda zenu. Maneno yenyewe ni haya:

"Nilipofika dukani mlango ulikuwa umefungwa, na mzee mmoja alikuwa amekaa barazani. Akaniambia kwamba mwenye duka ameondoka tangu asubuhi, wala hajarudi. Ningalijua, nisingalitoka nyumbani."

Kila mahali mtakapoweka "had", andikeni pembeni, kwa Kiswahili, kabla ya nini. Na mahali ambapo "had" ni ya jambo lisilotokea, andikeni "halikutokea". Pale penye mlango na penye mzee aliyekaa, msiharakishe. Karatasi ziko juu ya meza ile, na wino mgeni wetu amekwisha tuletea.